Kikomo cha Baiti Elfu Nne

Jumapili, 14 Aprili
Kuhusu: Kompyuta ya nyumbani

Nukta mdogo wangu,

Nimefika kituoni salama. Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu, ikabidi niusukume kwa bega. Mwenzangu wa zamu alikwisha kushuka. Ameacha chai kwenye chupa na kikaratasi kilichoandikwa "Pole kwa msiba", bila jina, kana kwamba kuna mtu mwingine huku juu ambaye angeweza kukiandika. Vyombo vyote vinasoma isipokuwa kipima-upepo, nacho nitakishughulikia ukungu ukiinuka.

Sasa kuhusu kompyuta ya Baba. Umeniambia kwa simu kwamba unaniandikia nami sijibu. Barua hizo hazijanifikia kwa sababu hazijatoka humo ndani. Mtandao wa nyumbani ulipokatika mwanzoni mwa mwaka, chombo cha kupeleka barua kilizipanga kwenye foleni, na foleni haijisukumi yenyewe hadi mtu aiamuru. Fungua lile dirisha jeusi la amri, andika msmtp-queue -d, utaona zilizolala. Kisha andika msmtp-queue -r, nazo zitaondoka. Usianze na hiyo ya pili. Baba alitufundisha kutazama kabla ya kusukuma.

Kwa upande wangu nimefanya badiliko moja, nawe unapaswa kulijua. Njia yetu ya setilaiti hufunguka kwa muda mfupi asubuhi na jioni, na vipimo vya hali ya hewa lazima vitangulie kwenda makao makuu. Tangu mazishi ya Mama ndugu wananitumia picha: jeneza, mashada, watu wamesimama kwenye udongo mwekundu. Picha moja huziba njia mpaka njia ifungwe. Kwa hiyo nimeipa fetchmail, programu inayonishushia barua, kikomo. Barua inayozidi baiti elfu nne haishuki huku. Hubaki kwenye seva hadi nitakapoitaka. Maneno matupu hayawezi kufika kiasi hicho, labda mtu aamue kuandika kitabu. Waeleze wasidhani ni dharau.

Baba anaendeleaje? Niambie ukweli, lakini kwa ufupi.

--
Kakako


Jumamosi, 20 Aprili
Kuhusu: Zimetoka

Kaka, shikamoo.

Zimetoka zote. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyokumbuka kuandika, kwa sababu si zote zilikuwa zangu. Kulikuwa na za Mama, za mwezi wa Januari, kwenda kwa Shangazi, akimwuliza kama kile kitambaa cha mapazia kimepatikana. Shangazi alizipata jana mchana. Akanipigia simu: "We mtoto! Mama yenu ananiuliza mapazia!" Nikamweleza foleni ni nini. Akasema, "Foleni ya wapi hiyo, ya kuzimu?" Akacheka. Kisha akakata simu.

Nimemfikishia pia habari ya picha. Jibu lake nalinukuu bila kuhariri: "Mwambie Bwana Mawingu picha ya mama yake si tope la kuziba mfereji. Kama hataki kutazama, aseme hataki kutazama." Kazi yangu ni kusahihisha vitabu, si kusahihisha Shangazi.

Baba anaamka, ananyoa ndevu, anakaa mbele ya kompyuta. Anaandika amri ya kushusha barua, anasoma jibu kwamba hakuna barua, anaiandika tena. Nimemwuliza kama kuna anayesubiri habari zake. Akasema, "Napima njia tu. Miaka yote nimepima njia za simu za watu, nishindwe kupima yangu?" Nikimwekea chakula anakula. Nisipomwekea hakumbuki kwamba watu hula.

Mimi niko kiwandani hadi jioni. Tunachapa kitabu cha hesabu cha shule, na nimegundua kwamba majibu ya sura nzima yamewekwa nyuma ya sura nyingine. Zamani ningepiga kelele jengo zima lisikie. Safari hii nilichora mstari mwekundu, nikageuza ukurasa. Hiyo ndiyo taarifa yangu ya afya.

--
Mdogo wako


Jumamosi, 27 Aprili
Kuhusu: Jibu: Zimetoka

Marahaba, mdogo wangu.

Mwambie Shangazi kikomo ni cha baiti, si cha watu.

Ukungu umekaa wiki nzima. Kipima-upepo nimekifungua, nikakuta mdudu amejenga ndani ya kikombe kimoja. Nimemtoa pamoja na nyumba yake. Sasa kinazunguka. Upepo wenyewe hakuna, kwa hiyo kinazunguka pale tu ninapokipuliza mimi.

Unaniuliza katika ile barua ya zamani iliyotoka foleni kama ninalala. Ninalala. Ninakula. Natoka nje kwa saa zilizopangwa, nasoma namba, narudi, naziandika. Kama kuna kitu kingine ambacho mtu hutakiwa kuhisi, hakijanifikia, nami sikitafuti.

Mwache Baba apime njia. Njia ipo.

--
Kakako


Ijumaa, 10 Mei
Kuhusu: Baba

Kaka,

Baba ameanguka jana asubuhi bafuni, wembe mkononi. Ni kiharusi. Yuko hospitali kuu, chumba cha wagonjwa mahututi, anapumuliwa na mashine. Hajafumbua macho. Shangazi yuko nami.

Usiondoke bado. Daktari wa ubongo atazungumza nami Jumatatu. Nitakuandikia yote atakayosema, neno kwa neno, ndipo tujue la kufanya.

--
Mdogo wako


Jumamosi, 11 Mei
Kuhusu: Jibu: Baba

Nukta,

Nimeipata. Nitasubiri barua yako.

Baada ya kuisoma nilikaa kitini nikitarajia mwili wangu ufanye kitu. Haukufanya. Nikaenda nje kuchukua vipimo vya jioni. Nilivirudia mara ya pili kwa kutojiamini, na vilikuwa sahihi. Sikuandikii haya ili unionee huruma. Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia kwamba vilikuwa sahihi.

Kama anasikia, mwambie kompyuta yake inapeleka barua.

--
Kakako


Jumatatu, 13 Mei
Kuhusu: Aliyosema daktari, na ninalokuomba

Kaka, shikamoo.

Nimetoka kwa daktari sasa hivi, naandika kabla maneno yake hayajageuka kuwa yangu. Alinikaribisha kwenye chumba chenye viti vitatu na dirisha linalotazama ukuta. Ni mtu kijana, mpole, ana tabia ya kunyoosha kalamu mezani iwe sambamba na ukingo. Alisema upande mmoja wa ubongo wa Baba umekwisha kufa na wa pili unafuata. Alisema kinachoinua kifua chake ni mashine, na kwamba ikiondolewa anaweza kupumua mwenyewe kwa saa chache, au asipumue kabisa. Nilimwuliza kama kuna uwezekano wowote. Hakuzunguka. Alisema hakuna.

Nilimwuliza pia kama anatusikia. Akajibu kwamba hajui, na kwamba mtu yeyote atakayeniambia anajua ananidanganya. Nilimheshimu kwa hilo. Shangazi hakumheshimu. Tulipofika ukumbini alisema, "Daktari gani hajui mtu anasikia au hasikii? Hata mimi ninayeuza nguo najua." Kisha akaingia wodini, akaanza kumwambia Baba bei za vitambaa, kwa sauti ya kawaida kabisa, akimwuliza na maoni. Nilisimama mlangoni nikamwacha.

Chumba kina vitanda vinne. Cha Baba kiko pembeni. Mashine ina sauti ya mtu anayevuta kiti sakafuni, akarudisha, akavuta tena; baada ya siku ya kwanza huisikii, na baada ya siku ya pili unaisikia ukiwa nyumbani. Mkono wake wa kulia una joto. Wa kushoto hauna. Ana ndevu upande mmoja tu, kwa sababu alipoanguka alikuwa amekwisha kunyoa upande wa kulia. Muuguzi ameniuliza kama amalizie. Nimemwambia angoje, huenda wewe ukapenda kumnyoa.

Sikuombi uamue. Hilo nimelimaliza. Baba alikuwa fundi wa simu. Waya uliokufa aliukata, hakuuacha ukining'inia ili watu wadhani bado kuna mtu upande wa pili. Nimewaambia madaktari kwamba sisi watoto tunakubali mashine iondolewe. Nimesema "sisi" nikijua kwamba sijakuuliza, na kama nimekukosea nitalibeba kosa hilo mbele yako.

Ninalokuomba ni jambo moja. Nimewaomba wasiiguse hadi Ijumaa jioni, nao wameridhia. Gari la ugavi linapanda kwenu Jumatano na kushuka siku hiyo hiyo. Panda. Ukishuka nalo utafika mjini Alhamisi usiku au Ijumaa asubuhi, na tutakuwa wawili.

Mama alipokata roho nilikuwa mimi peke yangu chumbani. Wewe ulikuwa huko, nikasema ni kazi, na nilipokupigia simu ulisema "sawa" kwa sauti ya mtu anayepokea namba. Sikukulaumu, wala leo silaumu. Ila nilibaki na kitu ambacho sina wa kumgawia: namna alivyotazama dari, na neno alilolianza asilimalize. Nalibeba neno hilo hadi kiwandani, nalirudisha nyumbani. Safari hii sitaki kuwa mtu pekee anayejua. Nataka awepo mwingine ambaye nikimtajia sauti ya ile mashine, hataniuliza ni sauti gani.

Nikishika mkono ule wenye joto, wewe utashika mwingine.

Usinieleze lolote. Si lazima useme una huzuni. Najua huna, nami sina, tumebaki kama nyumba iliyohamwa. Si lazima ulie mbele ya Shangazi. Njoo tu, usimame pale. Ukikubaliana nami, andika hivyo, maneno mawili, nami nitajua uko njiani. Usipokubali, sema pia, ili nisikae nikitazama mlango.

--
Mdogo wako


Jumanne, 14 Mei
Kuhusu: Ya jana

Kaka, umeisoma barua yangu ya jana? Neno moja linatosha. Wodini wanataka jibu.

--
Mdogo wako


Jumanne, 14 Mei
Kuhusu: Jibu: Ya jana

Nukta,

Nimeisoma. Nakubaliana nawe katika yote. Fanya kama ulivyoandika.

Huku ukungu umeinuka kidogo.

--
Kakako


Ijumaa, 17 Mei
Kuhusu: Habari za kituo

Mdogo wangu,

Umekuwa kimya tangu Jumanne. Nachukulia kwamba hali ya Baba haijabadilika, na kwamba ungekuwa na jipya ungeniambia.

Gari la ugavi lilifika Jumatano. Dereva ameleta betri, mafuta ya taa na mchele. Tulipokuwa tunapakua aliniambia, "Mkuu, hushuki? Nasikia mzee yuko hospitali." Nikamwambia mdogo wangu anashughulikia, ataniita. Akanitazama, akafuta mikono kwenye suruali. "Haya," akasema, "wewe ndiye mwenye baba." Nikampa kipima-mvua kilichopasuka akipeleke karakana, akashuka.

Betri mpya zinashika chaji vizuri. Njia haijakatika hata mara moja wiki hii.

--
Kakako


Jumapili, 19 Mei
Kuhusu: Taarifa

Kaka,

Baba amefariki jana asubuhi. Mashine iliondolewa Ijumaa jioni. Alipumua mwenyewe hadi kulipokucha.

Tumemzika leo kando ya Mama. Shangazi aliuliza uko wapi, na baada yake kila mtu akauliza. Nilisema uko njiani. Wakaliacha jeneza juu ya viti wakikungoja, wengine wakisimama barabarani kutazama magari, mpaka mzee mmoja akasema wingu lile halingoji mtu. Ndipo tukamshusha.

Picha zimepigwa. Nimewakataza wasikutumie.

--
Mdogo wako


Jumapili, 19 Mei
Kuhusu: Jibu: Taarifa

Nukta,

Nimeisoma taarifa yako kwa utulivu, nami najibu kwa utulivu, lakini kuna jambo ambalo sikubaliani nalo.

Uliniandikia nisiondoke. Ulisema ungeniita ukishazungumza na daktari. Gari lilikuwa hapa Jumatano, injini inaunguruma, na mtu akaniuliza kwa mdomo wake kama nashuka. Nilibaki kwa sababu wewe ulisema nibaki. Kisha mashine inaondolewa Ijumaa, kaburi linafukiwa Jumapili, na mimi ndiye mtoto wa kiume asiyeonekana. Unawaambia watu niko njiani. Njia ipi? Mimi ni mtu mzima. Ningeweza kubeba habari hiyo ikiwa haijapambwa, na ningeweza kushuka kwa miguu hadi barabara kuu kama ungenitaka.

Sikuulizi ili tugombane. Nieleze tu kwa mpangilio: ulipoona mwisho unakaribia, kwa nini hukuniita?

--
Kakako


Jumatatu, 20 Mei
Kuhusu: Jibu: Taarifa

Kaka,

Nilikuita Jumatatu iliyopita. Barua hiyo ndiyo uliyosema umeisoma.

Ijumaa mchana nilipita nyumbani kubadili nguo, nikakuta ile yako ya betri na dereva. Niliisoma mara mbili, polepole, kama nisomavyo kitabu kabla hakijaenda mtamboni. Mtu aliyesoma barua yangu hawezi kuandika vile. Na kama anaweza, basi simjui. Nikakaa kwenye kiti cha Baba. Yeye ndiye aliyetufungulia vikasha vyote viwili vya barua kwa neno la siri moja, nawe hujalibadilisha hadi leo. Nikafungua kikasha chako kule kwenye seva kwa mutt, programu yake ya kusomea barua, kwa kusoma tu, bila kugusa kitu. Barua yangu ilikuwa humo katikati ya picha za Shangazi, ina alama ya barua mpya. Ilizidi elfu tano. Uliniambia maneno matupu hayafiki huko, nikakuamini. Kumbe niliandika kitabu.

Kwa hiyo Ijumaa mchana nilijua kwamba hukuwa njiani, na kwamba hukujua chochote cha kukufanya uwe njiani. Makaburini nilisema uko njiani nikijua ni uongo, kwa sababu ukweli ungehitaji barua nyingine ndefu.

Sasa sikiliza sehemu hii, kwa sababu ni yangu, sikutupii wewe. Daktari alikwisha kuniambia kwamba kukiwa na sababu wanaweza kungoja siku mbili tatu zaidi. Neno moja tupu lingepita kwenye kikomo chako. Niliandika "Njoo" kwenye mstari wa Kuhusu, chini yake nikaacha wazi. Nikalitazama. Nikawaza kwamba nimekwisha kukuomba mara moja kwa urefu wote niliokuwa nao, na wewe ukaniambia umesoma. Nikalifuta, nikavaa viatu, nikarudi hospitali, nikamwambia muuguzi tuendelee.

Sikuwa na hasira. Ningekuwa nayo ningelituma.

Usiniulize tena kwa nini hukuitwa. Barua bado iko pale. Ishushe, uisome hadi mwisho. Ukitaka kuja baada ya hapo, sijui kama nataka uje.

--
Mdogo wako


Jumanne, 21 Mei
Kuhusu: Jibu: Aliyosema daktari, na ninalokuomba

Nukta,

Nimeondoa kikomo. Imeshuka, na nyuma yake zikashuka picha zote, njia ikaziba, vipimo vya asubuhi havijaenda makao makuu mpaka sasa. Wamepiga simu ya redio kuuliza kama kituo kimeungua. Nimewaambia hakijaungua, napokea barua.

Siku ile ya Jumatatu fetchmail iliandika mstari mmoja kwenye kumbukumbu zake: barua imezidi, imeachwa. Nilijua ni yako. Ilikuwa inatosha kubadili namba moja. Nimejiuliza tangu jana kama niliogopa, na jibu ni hapana. Nilisoma mstari ule kama nisomavyo kiwango cha unyevu, nikaenda kuchemsha maji. Uliponiuliza kama nimeisoma, kusema ndiyo kulikuwa kwepesi kuliko kuisoma. Kuhusu picha, Shangazi alisema kweli. Kikomo kilikuwa cha watu.

Najibu chini ya maneno yako, mstari kwa mstari, kama ilivyokuwa ikifanywa nyumbani. Nimechelewa, lakini sijui namna nyingine ya kuonyesha kwamba nimefika kila mahali ulipoandika.

> Alisema kinachoinua kifua chake ni mashine

Ningekuuliza kama una hakika alielewa vizuri vipimo vyake. Ungenikasirikia. Ungekuwa na haki.

> Kisha akaingia wodini, akaanza kumwambia Baba bei za vitambaa

Nimecheka hapa. Nimeisikia sauti yangu chumbani, nikageuka kutazama ni nani.

> Muuguzi ameniuliza kama amalizie. Nimemwambia angoje, huenda wewe ukapenda kumnyoa.

Ningemnyoa. Nani alimnyoa?

> Nimesema "sisi" nikijua kwamba sijakuuliza

Hukunikosea. Ningesema hivyo hivyo, kwa maneno machache zaidi, na ungebaki ukidhani nimesema kwa sababu ya ubaridi wangu.

> Panda.

Dereva aliacha mlango wa mbele wazi alipokuwa anafunga turubai. Kiti kilikuwa kitupu. Niliweka kipima-mvua juu yake.

> na neno alilolianza asilimalize

Hukuwahi kuniambia kwamba Mama alianza neno.

> Safari hii sitaki kuwa mtu pekee anayejua.

Ulikuwa. Mara mbili sasa. Siwezi kuligawana hilo nawe tena, hata ukinieleza kila kitu, na sitakuomba unieleze.

> Nikishika mkono ule wenye joto, wewe utashika mwingine.

Hapa nimeacha nafasi.




> Najua huna, nami sina, tumebaki kama nyumba iliyohamwa

Jana jioni, baada ya kuisoma, nilisimama nje kwenye vyombo, nikashindwa kusoma namba. Niliandika kwenye fomu ya vipimo kwamba msomaji hakuweza. Ni mara ya kwanza tangu niajiriwe. Naieleza hii kama taarifa tu.

> Ukikubaliana nami, andika hivyo, maneno mawili

Nakubaliana nawe. Siandiki haya ili yahesabiwe kuwa jibu. Siku ya kujibu ilikuwa Jumanne iliyopita.

> Usipokubali, sema pia, ili nisikae nikitazama mlango.

Uliutazama. Siku tatu nzima uliutazama, kwa sababu ya maneno yangu manne.

Gari linashuka kesho. Nitapanda kiti cha mbele, na mwenzangu wa zamu atakuja juu wiki moja kabla ya wakati wake. Amekubali bila kuuliza. Umesema hujui kama unataka nije. Kwa hiyo sitabisha hodi, wala sitapiga simu nikifika. Nitakaa nje kwenye ngazi. Asubuhi utatoka kwenda kiwandani kama kawaida, utanikuta. Ukinipita, pita, nitabaki hapo mpaka jioni utakaporudi. Ukisimama, nitasimama, na sitasema kitu mpaka useme wewe.

--
Kakako